Kwa mnaoanza kulinganisha hadithi za teknolojia: ulizeni swichi iko wapi

Nyie wa mwaka wa kwanza mliopewa asaimenti ya kulinganisha hadithi fupi za sayansi, zile za hatari za teknolojia, ngoja niwape nilichojifunza kwa kuumia. Mi ya kwanza niliandika kurasa sita nikapata 8 kwa 20, pembeni mwalimu kaandika kwa peni nyekundu "unasimulia tu". Nilinuna wiki nzima ila alikuwa sahihi, maana kurasa tatu hadithi ya kwanza, tatu ya pili, halafu mwishoni nikabandika eti zote zinatuonya kuhusu teknolojia. Hiyo si hata ambaye hajasoma anaisema!

Kilichonitoa ni swali moja la kitoto kabisa: swichi ya kuzima iko kwa nani?

Chukua The Veldt ya Ray Bradbury, ya 1950. Nyumba inafanya kila kitu, inapika, inafunga hadi kamba za viatu, na chumba cha watoto kuta zake zinaonyesha chochote wanachowaza, na wao wanawaza mbuga yenye simba. Baba mtu, George, swichi anaijua na anaizima kweli. Watoto wanalia kama wamefiwa, mama anamwomba awawashie kidogo tu, na yeye anakubali, dakika moja basi. Hadithi yote iko kwenye hiyo dakika jamani, wale simba wa ukutani wanakuja kuwamalizia wazazi tu. We ukishawahi kumnyang'anya mtoto simu akagoma kula ukamrudishia, unaijua hiyo dakika.

Sasa weka pembeni yake There Will Come Soft Rains, mwandishi yuleyule, mwaka uleule. Hapa swichi ipo ila mtu wa kuigusa hayupo. Familia imeungua kwa bomu, wamebaki vivuli tu kwenye ukuta wa nje, baba anakata majani, mama anainama kuchuma maua, watoto na mpira wao. Nyumba haina habari, inakaanga mayai, inatoa tosti, na kufika saa mbili na nusu asubuhi mayai yamesinyaa na tosti imekuwa jiwe, inafagia inatupa, inaendelea na ratiba. Ukiandika kwamba nyumba hii ni katili umeshapotea, haijamkosea mtu, na moto ukiwaka inapigana mpaka maji yanaisha. Mwaka nao msiurushe tu kwenye utangulizi kama pambo, 1950 ni miaka mitano tu toka Hiroshima, na kule vivuli vya watu vilibaki kwenye mawe kweli. Halafu angalieni toleo mnalosoma, kuna ambayo matukio yake ni ya 2026 na kuna yaliyosogezwa hadi 2057, mwenzangu alikatwa maksi kwa kunakili tarehe kutoka kwenye desa, zile notisi za kupeana, wakati kitabu chake kinasema nyingine.

Ya tatu ndo ngumu, The Machine Stops ya E. M. Forster, 1909. Watu wanaishi chini ya ardhi kila mtu na chumba chake, kama yule mama Vashti, wanaongea kwa mashine moja kubwa inayowafanyia kila kitu, hawapendi hata kugusana, na hakuna hata mmoja anayeielewa mashine nzima. Swichi haiko kwa mtu yeyote. Inaanza kuharibika mdogomdogo, muziki unakwaruza, wanalalamika, wanazoea, maji ya kuoga yananuka, wanalalamika, wanazoea. Siku inapozima, kinachoanza kuwaua ni ukimya, kwa sababu tangu wazaliwe hawajawahi kukosa ule mngurumo. Hiyo sehemu sikuielewa mpaka usiku mmoja luku ikaisha nikiwa nasoma, pangaboi likasimama, ndo nikagundua kumbe lilikuwa linapiga kelele muda wote.

Kwenye kuandika, aya moja iwe na hadithi zaidi ya moja ndani yake. Kipimo changu ni hiki, ukifuta jina la hadithi moja na sentensi bado inasimama vizuri, basi hapo hujalinganisha. "George ana swichi na anaogopa kilio, Vashti wa Forster hajui hata kama kuna swichi" haifutiki nusu. Na msilazimishe zifanane, tofauti ndo zina maksi, kufanana mtu yeyote anakuona.

Kitu kingine ambacho madesa hayana, ile mbuga kwenye The Veldt ni ya Afrika. Watoto wa Kimarekani wakitaka pa kuulia wazazi wanawaza kwetu, nyasi, jua, tai na simba, mwanakijiji hata mmoja wa kusingiziwa hayupo. Sisi ambao mbuga ni sehemu mjomba anaenda kazini na gari ya watalii tunasoma hiyo picha tofauti kidogo. Mi niliiandikia aya moja fupi karibu na mwisho, nikiogopa mwalimu ataniambia nimetoka nje ya swali, na ndo aya pekee aliyoiwekea tiki mbili.