Mwanafunzi wa sheria na hakimiliki: pa kuanzia pako wapi

Mdogo wangu umeuliza kama mwaka wa pili wa sheria unaweza kuingia kwenye mambo ya hakimiliki na sanaa au usubiri mpaka umalize. Usisubiri aisee. Anza na kozi ya msingi ya mtandaoni ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki ubunifu (haki za kazi za akili, hakimiliki ikiwemo), ile inayoitwa DL-101, ni bure, utaacha kuchanganya hakimiliki na alama za biashara, maana hapo wengi wanateleza. Oxford nako kuna mashindano ya mahakama ya kuigiza ya miliki ubunifu, tafuta wenzako muunde timu.

Ila kitu kitakachokujenga kweli ni mikataba. Mimi nilikaa na mkataba wa mwanamuziki mmoja, kurasa nne, kashasaini, ukurasa wa tatu kuna mstari mmoja tu unasema anahamisha haki zote kwa muda wote wa hakimiliki, na yeye alidhani kazikodisha tu. Sasa Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unalinda kazi nyingi kwa maisha ya mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo piga hesabu kapoteza nini. Iliniuma sana.

Kwa hiyo omba fildi kwenye chama cha kukusanya mirabaha, yaani malipo ya wasanii kazi zao zikitumika, au kwa wakili wa wasanii, hata kupanga mafaili tu. New York kuna Volunteer Lawyers for the Arts tangu 1969, wanasheria wanasaidia wasanii wa kipato kidogo, na nyie mnaweza kuanzisha kitu cha hivyo hapo chuoni chini ya mwalimu wenu, waigizaji na wachoraji watakuja wenyewe na makaratasi yao.