Ziara haifiki Mtwara, albamu inafika

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lina sehemu mbili: bendi kongwe za metali (muziki wa magitaa mazito, heavy metal) zilizovunjika zina haki ya kurudiana na kupanda jukwaani tena? Na albamu bora ya mwaka 2025 ni ipi? Mmeyauliza kama maswali mawili. Kwangu ni moja, na ndiyo maana jibu langu limekuwa refu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko Chikongola hapa Mtwara mjini. Jumamosi jioni, kazi ikifungwa, tunakutana watu watano au sita: mwalimu wa sekondari, dada mmoja muuguzi, dereva wa bajaji, kijana anayebeba magunia ya korosho msimu ukifika, na mzee wetu aliyestaafu bandarini. Mzee moyo wake uko kwenye dansi la zamani, lakini hakosi kuja. Swali lenu niliwasomea kwa sauti, grenda ikiwa imezimwa. Tulibishana mpaka adhana ya isha, tukaenda kuswali, tukarudi tukaendelea.

Nianze na jambo ambalo watu wa kusini hatuhitaji kuelezwa. Ziara za bendi hizi hazifiki huku. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550 za kukaa kwenye basi, na ukishuka Dar humkuti Slayer wala Iron Maiden. Kinachotufikia ni albamu. Mei 2024 barabara ya Dar ilikatika upande wa Kilwa kwa mvua za kimbunga Hidaya. Wiki mbili hazijaisha, nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari nazo zikakatika, mtandao ukawa wa kusuasua nchi nzima. Siku zile aliyesikiliza muziki ni aliyekuwa nao kwenye kadi ya simu. Mimi nilikuwa na Invincible Shield ya Judas Priest, iliyotoka Machi mwaka huohuo. Nilikuwa natengeneza geti la mteja wa Shangani, na kila siku niliisikiliza yote, mwanzo hadi mwisho. Ule ndio mwezi nilioielewa ile albamu.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: bendi ikirudiana, imerudi na nini cha kusikiliza?

Judas Priest wenyewe ni mfano. Mwimbaji wao Rob Halford aliondoka mwaka 1992, akarudi 2003. Tangu arudi wametoa albamu tano, na hiyo ya 2024 aliimba akiwa na miaka 72. Iron Maiden vilevile: mwimbaji Bruce Dickinson na mpiga gitaa Adrian Smith walirejea 1999, na kufikia 2021 bendi ilikuwa imetoa albamu sita mpya. Watu wa namna hiyo sioni kwa nini tuwaulize kama wana haki ya kurudi. Wamerudi kazini.

Carcass wa Uingereza ndio wanaonigusa zaidi. Walivunjika katikati ya miaka ya tisini, na mwaka 1999 mpiga ngoma wao Ken Owen alivuja damu kwenye ubongo. Hakuweza tena kupiga kama zamani. Waliporudiana na kutoa Surgical Steel mwaka 2013, ngoma alizipiga Dan Wilding, lakini Ken Owen hawakumwacha nyumbani: sauti yake imo kwenye albamu, nyuma ya waimbaji. Dada muuguzi ndiye aliyetuambia kwa nini jambo hilo si dogo. Yeye anawaona kila wiki watu waliopata kiharusi na jinsi wanavyoanza kusahauliwa na marafiki kabla hata hawajatoka wodini.

Pantera ndipo tulipogawanyika. Mpiga gitaa wao Dimebag Darrell aliuawa kwa risasi jukwaani Columbus, Ohio, tarehe 8 Desemba 2004. Ndugu yake Vinnie Paul, mpiga ngoma, akafariki 2018. Mwaka 2022 wenzao waliobaki, mwimbaji Phil Anselmo na mpiga besi Rex Brown, walirudi na jina la Pantera, Zakk Wylde akiwa kwenye gitaa na Charlie Benante kwenye ngoma. Dereva wa bajaji anasema nyimbo ni za watu na lazima zipigwe, aliyekufa hawezi kuzipiga. Muuguzi akamjibu kwamba nyumba iliyojengwa na ndugu wawili, wote wakafa, aliyebaki anaweza kuishi humo lakini asiseme ndiyo ileile. Mimi niko na muuguzi. Na hawajatupa albamu mpya; kwa hiyo sisi wa Mtwara tulichopata ni vipande vya video vilivyochukuliwa na simu za wengine. Slayer nao waliaga rasmi Novemba 2019, wakarudi Septemba 2024 bila albamu. Nawapenda Slayer kuliko bendi nyingi nilizozitaja hapa, na mpiga gitaa wao Jeff Hanneman aliyefariki 2013 kwangu hana mfano. Lakini kuaga ni neno zito. Watu walilia siku ile.

Mzee wa bandari alitusikiliza sana, kisha akasema mambo haya yalikuwepo kabla ya metali yetu. Akatukumbusha Muhiddin Gurumo: alitoka Juwata, bendi iliyokuja kuitwa Msondo, mwaka 1978 akaenda Mlimani Park, baadaye akahamia Safari Sound, mwisho akarudi Msondo alikotoka, akakaa huko hadi uzee. Hakuna aliyeuza tiketi kwa jina la kurudiana. Watu wa dansi waliuliza kitu kimoja tu: kibao kipya kiko wapi? Nilifurahi, maana alikuwa amesema hoja yangu kwa maneno machache kuliko mimi.

Hapo mwalimu akaniuliza: na Birmingham je?

Tarehe 5 Julai 2025, Jumamosi, Black Sabbath wanne wa mwanzo walisimama pamoja uwanja wa Villa Park, mtaani kwao Aston, Birmingham, kwa mara ya kwanza baada ya miaka 20. Mwimbaji wao Ozzy Osbourne hakuweza kusimama. Ugonjwa wa Parkinson ulikuwa umemla, akaimba ameketi kwenye kiti kikubwa cheusi. Walipiga nyimbo nne tu. Hapakuwa na albamu, na hapakuwa na ahadi ya albamu. Kwa kipimo changu, siku ile haikutuachia kitu.

Lakini mimi video zile niliziangalia Jumapili yake, kesho yake ikiwa Sabasaba, na niliziangalia nikilia.

Ni lazima nieleze Sabbath ni nini kwa fundi wa vyuma. Mpiga gitaa wao Tony Iommi alikuwa kijana wa miaka 17 katika kiwanda cha kukata na kukunja bati. Siku yake ya mwisho kazini, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, naye anapiga gitaa kwa mkono wa kushoto, maana yake ni vidole vya kubania nyuzi. Meneja wake wa kiwandani alimpelekea sahani ya santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyepiga kwa vidole viwili baada ya kuungua. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akatengeneza vifuniko vya vidole mithili ya subana ya fundi cherehani, akavivisha ngozi. Akatafuta nyuzi nyembamba, na kufikia albamu ya Master of Reality ya mwaka 1971 akawa amezilegeza ili zisimuumize. Nyuzi zilizolegezwa zinatoa sauti ya chini, nzito. Uzito ule ambao kila bendi ya metali imeurithi ulipitia kwenye mkono wa mfanyakazi aliyeumia kazini.

Mwaka 2011 jiwe la grenda lilinipasukia mkononi. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hakikunji vizuri hadi leo. Wiki zile za kukaa nyumbani bila kazi, rafiki ndiye aliyenipa nyimbo za Sabbath na kunisimulia habari ya Iommi. Sijawahi kuwaambia wenzangu wa Jumamosi, wanaijua leo kwa kusoma hapa.

Sasa nimjibu mwalimu. Bill Ward, mpiga ngoma, alitofautiana na wenzake mwaka 2012 kwa sababu ya mkataba alioona hausainiki. Albamu yao ya 2013 ikatoka bila yeye, na ziara ya kuaga iliyomalizika Birmingham Februari 2017 nayo ikapita bila yeye. Halafu Julai 2025 yuko pale, mzee wa miaka 77, nyuma ya ngoma zake. Kwetu pwani tuna neno la jambo hilo. Mtu akienda Hija, au akijua safari yake ya mwisho imekaribia, anapita kwa jamaa na majirani kuombana radhi. Hauzi kitu siku hiyo. Hata mapato ya onyesho lile yalielekezwa kwenye misaada, ukiwemo utafiti wa Parkinson na hospitali ya watoto ya Birmingham. Siku 17 baadaye, tarehe 22 Julai, Ozzy alifariki. Kwa hiyo Birmingham siiweki kwenye mizani ya ziara. Mwalimu anaona nimehamisha goli. Nimemwambia sikuhamisha, ule haukuwa mpira.

Albamu ya mwaka, basi. Kwanza niseme sipendi orodha zinazotoka Novemba, kana kwamba Desemba haina siku. Na huku kwetu albamu huchelewa. Nyingine naipata miezi minne baada ya wenzangu wa Nairobi. Mwaka jana niliwachagua Arka'n Asrafokor wa Lomé, Togo, kwa albamu yao Dzikkuh, wanaoimba kwa Kiewe na kuingiza ngoma za kwao ndani ya magitaa mazito. Kijana wa korosho, ambaye amekulia kwenye singeli, alinipinga akiwatetea Wakenya. Yeye alianzia kwa Duma, wale wawili wa Nairobi waliotoa albamu yao mwaka 2020 kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, haohao walioipeleka singeli ya studio ya Sisso nje mwaka 2017. Anasema kwa kasi ile singeli na metali ni watoto wa mama mmoja, na mimi sina cha kumpinga.

Mwaka huu nachagua Dissonance Theory ya Coroner.

Coroner ni watatu wa Zürich, Uswisi, ambao mwanzoni walikuwa wabeba vyombo wa bendi ya Celtic Frost. Albamu yao Grin ilitoka 1993, wakavunjika 1996, wakarudiana 2010. Halafu miaka 15 ikapita wakizunguka majukwaani bila albamu. Kama swali hili lingeulizwa mwaka 2020 ningewaweka kundi moja na wale niliowalaumu hapo juu, na ningekuwa nimekosea. Mpiga ngoma wao wa awali aliondoka 2014, nafasi ikachukuliwa na Diego Rapacchietti. Ndipo Oktoba 2025, miaka 32 baada ya Grin, albamu ikatoka.

Nimeisikiliza zaidi ya mara 20. Gitaa la Tommy Vetterli ni kama mshono wa kuchomelea uliopigwa na mkono usiotetemeka: mwembamba, ulionyooka, hauna matone. Ron Broder anafoka lakini maneno hayapotei. Hakuna mahali walipoongeza mwendo ili kuonyesha kwamba bado wanaweza. Nyimbo nyingine zinatembea taratibu, zinakusubiri. Nasikia watu ambao wamezeeka, wanalijua hilo, na bado hawajamaliza walilotaka kusema. Paradise Lost nao wametoa Ascension nzuri Septemba, na dada muuguzi kura yake iko huko. Mwalimu anawataka Deftones. Mzee alisikiliza Coroner kwa masikio ya dansi, akataka nirudie pale besi inapobaki peke yake.

Kadi yenye albamu hiyo sinayo sasa hivi. Kijana wa korosho ameondoka nayo, yuko maghalani Masasi hadi minada iishe, na amenipigia juzi kuniambia kwamba vijana watatu wa huko wameshaiomba.

Msomaji wenu,
Chikongola, Mtwara