Kupima ari na kuridhika kwa wafanyakazi wa kituo cha wanyama

Swali: Nasimamia kituo kinachohifadhi mbwa, paka na punda waliotelekezwa, huku Buswelu, Mwanza. Tuna wafanyakazi 14. Mfadhili anataka asilimia ya walioridhika na wenye ari ya kazi. Dodoso letu limerudi na alama za juu karibu kila swali, lakini watu wanaendelea kuacha kazi. Tumekosea wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, inawezekana alama hizo ni za kweli, ila mmepima mambo mawili kwa kipimo kimoja na la tatu hamkuligusa. Kuridhika ni namna mtu anavyoyaona masharti ya kazi yake: mshahara, zamu, mabuti, glovu, na kama amepewa chanjo ya kichaa cha mbwa kabla ya kuanza kushika wanyama. Ari ni nguvu na moyo anaouweka kazini. Watu wengi wa vituo vya wanyama waliingia kwa sababu ya mapenzi, na kwa hiyo ari yao huonekana juu hata wakati miili na nafsi zao zimeshachoka.

Jambo la tatu ni uchovu unaotokana na kuhurumia. Anayemlisha mbwa kwa wiki kadhaa, kisha akatakiwa kumshika wakati daktari anamdunga sindano ya kumwondolea mateso kwa kifo, hubeba mzigo ambao swali la mshahara haliwezi kuufichua. Bernard Rollin, mwanafalsafa wa Marekani, aliuandika mgogoro huo wa dhamiri tangu miaka ya 1980.

Kwa ari, tumia kipimo cha UWES cha Schaufeli na Bakker, ambacho toleo lake fupi lina maswali 9 yanayojibiwa kuanzia 0, yaani kamwe, hadi 6, yaani kila siku. Kwa uchovu, tumia dodoso liitwalo ProQOL; lina maswali 30 kuhusu siku 30 zilizopita, na hutenganisha faraja ya kuhudumia, kuchakaa kikazi na athari za kushuhudia mateso. Matokeo hayo matatu yasijumlishwe. Tafsiri ya Kiswahili ya madodoso hayo ijaribiwe kwanza kwa watu wawili watatu wa nje ya kituo, hasa ambao Kisukuma ndiyo lugha yao ya nyumbani.

Sasa nije kwenye kinachonitia wasiwasi zaidi, yaani usiri. Kijana anayekuamkia shikamoo kila asubuhi hatakupa alama ya chini uso kwa uso, na katika kikundi kidogo hata mwandiko humtambulisha mtu. Karatasi ziwe za kuweka alama ya vema tu, zisiwe na jina, umri wala kitengo, zitumbukizwe kwenye sanduku lililofungwa, na azihesabu mtu asiye wa kituo. Taarifa za afya, ikiwemo ya akili, ni nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Asilimia nayo hupotosha. Mtu mmoja kati ya 14 ni takriban asilimia 7, kwa hiyo kushuka kutoka 86 hadi 79 ni mtu mmoja tu aliyebadili jibu. Mwandikie mfadhili idadi, kwa mfano 12 kati ya 14, na pembeni yake uweke walioacha kazi mwaka huo, sababu walizotoa, na siku za utoro zikilinganishwa na wiki ambazo wanyama wengi walikufa.