Nilivyooga Maji ya Jabia

Mmeuliza wiki hii: "Ni safari gani ya miguu, kijiji hadi kijiji, usiyoisahau, na ulilala wapi?" Yangu ni ya kisiwa cha Pate, katika visiwa vya Lamu, kutoka Mtangawanda hadi Siyu. Na niseme mapema kwamba kutembea hakukunitaabisha kama kulala.

Ilikuwa Januari, kaskazi imeshika. Boti tuliyopanda gatini Lamu ilingoja maji yajae ndipo ipite Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, kwa hiyo tuliteremka Mtangawanda jua liko utosini. Mjomba alivaa ndara zake za siku zote. Mimi nilivaa raba mpya kutoka Mombasa, nimezinunulia safari hiyo hiyo. (Msithubutu.)

Hadi mji wa Pate ni mwendo wa kama saa moja. Pale tulipita tu, katikati ya magofu ya Manabahani, ukoo uliotawala Pate zamani, ambamo watu wamelima tumbaku. Majani yamejaa mlemle vyumbani walimokuwa wakikaa masultani. Mzee aliyekuwa akipalilia alituona tumeshika njia, akapaza sauti: "Ndia hiyo siyo!" Tukarudi. Kutoka hapo hadi Siyu ni vijia tupu, vinagawanyika kila baada ya minazi michache, na vingi vyaishia shambani kwa mtu. Mwenye miguu mizima hutumia kama saa mbili. Sisi tulitumia karibu nne, kwa sababu yangu.

Tuliingia Siyu magharibi inakaribia, ngome yao imesimama kando ya mkono wa bahari. Watu wa Siyu ndio waliolishinda jeshi la Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, miaka ya 1840, wakiongozwa na Bwana Mataka, na mjomba alitaka kunisimulia kisa chote palepale. Mimi nilitaka kuvua raba.

Gesti hatukuona. Mjomba alisalimia barazani, akaulizwa yeye ni mwana wa nani. Wakahesabu mabibi na mashangazi hadi ikapatikana ndoa moja iliyofungwa zamani Faza, mji mwingine wa kisiwani humo, tukawa jamaa. Mwenyeji wetu alikuwa fundi wa ngozi, mshona makubadhi. Aliyatazama malengelenge yangu, kisha akaiinua raba moja, akaipindua, akairudisha chini bila neno. Tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nikapewa kitanda chake mwenyewe cha kamba. Yeye akatandika mkeka barazani. Kabla ya kulala nikaletewa ndoo ya maji ya moto ya kuoga na beseni la kukanda miguu. Ndoo ilipokwisha nikaulizwa kama yatosha, nikasema nikipata kidogo tena si vibaya. Nikaletewa.

Alfajiri nilisikia mtoto akitumwa kwa jirani na dumu. Maji ya kisima chao yalikuwa ya chumvi. Niliyoyaoga mimi yalikuwa ya jabia, birika la kuwekea maji ya mvua, na masika yalikuwa bado miezi. Nikatia mkono mfukoni. Mjomba akanifinya ubavuni, finyo la kweli, alama ilikaa siku mbili. "Wataka kuwatukana?" akaninong'oneza.

Najua wengi watakaowajibu wataandika kusifu ukarimu wa visiwani, na sifa hizo ni haki yao wenyeji. Lakini mimi usiku uliofuata, Faza, nililala chumba cha kulipia: chandarua kina tundu, ndoo ya maji ni moja, bei nimetajiwa mlangoni. Nilisinzia kabla mjomba hajamaliza kuswali isha. Nikiulizwa, Siyu nayo ipate chumba cha namna hiyo, hata kimoja tu, fundi yule alale kitandani mwake. Mjomba husema haya ni maneno ya mtu aliyekaa Mombasa sana. Huenda.

Mwaka uliofuata tulirudi. Mimi nilikuwa na ndara, na madumu mawili ya maji ya visima vya Shela, lita ishirini kila moja. Mjomba alicheka tangu Mkanda hadi Mtangawanda, na kule ikabidi tumkodi punda. Mke wa fundi aliyapokea madumu, akauliza kwani Lamu sukari imekwisha.