Usimimine juisi mpya juu ya mashapo ya saida

Mkuu wa Makambako, weka hiyo ndoo chini kwanza. Umeuliza kama unaweza kumimina juisi mpya juu ya mashapo ya saida, yaani pombe ya matufaha, yaliyobaki tangu Pasaka ili usipoteze hamira yako ya maji, ile isiyo ya unga. Jibu ni usimimine.

Najua umeitoa wapi hiyo habari, maana na mimi niliitoa huko huko. Kuna jamaa wa video, meza yake inang'aa, anasema hamira haifi, ni kama mtindi: unabakiza kidogo, unaongeza maziwa, maisha yanasonga. Nikamwamini. Nikaagiza matufaha ya Makete, nikakamua, nikajaza ndoo mbili za lita 20 juu ya ule uji wa kijivu. Mwanzoni povu lilipanda, nikatamba kwa majirani. Halafu ikaanza kunuka mayai viza. Mke wangu alifungua stoo akauliza ni kuku gani katelekeza mayai humo. Ikagoma kuendelea huku sukari bado imo, juu pakatanda utando mweupe, mwisho ikawa siki. Mcheke tu, lakini kachumbari ya harusi ya shemeji yangu ilisifiwa.

Yule bwana kumbe ni mpika bia ya shayiri, na hilo hakulisema! Maji ya kimea huchemshwa kwanza na yana naitrojeni, lishe ya hamira, ya kutosha, kwa hiyo hamira inayotua chini imeshiba na haina wageni wengi. Juisi ya matufaha ina sukari tele na naitrojeni kiduchu. Hamira ikimaliza kazi humo inabaki imekonda, na ikikalia mashapo miezi inazidi kufa. Kama juisi hukuichemsha, bakteria wa siki nao wamo humo humo, wanasubiri hewa. Sisi huku tumezoea ulanzi unaochacha wenyewe kwenye mwanzi, tunadhani kila kitu kitajipa. Ulanzi unanyweka leo na kesho; saida inangoja wiki kadhaa.

Hamira ya akiba inatolewa MWANZO, kabla haijaonja ndoo. Chemsha juisi kidogo, iache ipoe kabisa, tia hamira yako kwenye chupa safi ya kioo, funika bila kukaza. Ikichangamka na kutoa povu, gawa: sehemu kubwa iende kwenye ndoo, kidogo kiingie chupa nyingine iliyochemshwa, kikae friji, si friza. Kifuniko kilegee, gesi isije ikapasua chupa. Awamu ijayo unaiamsha kwa juisi iliyochemshwa na kupoa. Isipotoa povu ndani ya siku mbili, mwaga bila huruma.

Na ilishwe. Mtu atakwambia chakula cha hamira ni DAP, nawe utakimbilia duka la pembejeo. Ile ni mbolea ya kupandia mahindi, mkuu, haikutengenezwa kwa ajili ya tumbo. Kama huna DAP iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, chukua kijiko cha hamira ya maandazi, kichemshe kwenye maji mpaka ife, kisha mimina kwenye juisi. Hamira hai inakula ile mfu.

Mashapo yako peleka kwenye mboji. Ile pakiti ya pili ya hamira ya maji unayoibania kwenye friji inazidi kudhoofika kila mwezi unaopita, kwa hiyo ifungue wiki hii uigawe kabla hujakamua tufaha hata moja.