Fundi Anajibu: Simu Inashika, Laptopu Inaachia

SWALI: Kaka fundi, habari za kazi. Mimi niko Arua, nafanya kazi ya kuchapa na kutafsiri hapa nyumbani na wifi inanitesa sana. Laptopu inashika vizuri dakika kumi, kumi na tano hivi, alafu inaachia, nairudisha inashika, alafu inaachia tena. Simu yangu iko mezani hapo hapo kwa wifi hiyo hiyo na haina shida, watoto wanaangalia video mpaka wanalala. Umeme ukienda ndo inakuwa mbaya kabisa, rauta iko kwenye betri ya sola kwa hiyo haizimi, lakini laptopu inaachia kila saa. Fundi mmoja wa hapa mjini anasema niweke Windows upya, shilingi elfu hamsini. Mwingine anasema tatizo ni kampuni ya mtandao. Laptopu ni ya mtumba, mwaka jana kioo kilivunjika nikakibadilisha, na sasa naweka kazi zangu kwenye hadidiski ya nje sababu ndani kumejaa. Nisaidie, na unisamehe Kiswahili changu, nacho kinakatikakatika kama hiyo wifi. (Dada wa Arua)

JIBU: Dada yangu, Kiswahili chako kimefika chote bila kukatika. Na hiyo elfu hamsini ifiche kwanza, kwa sababu barua yako ina vitu vinne ambavyo hao mafundi wawili hawakukuuliza: simu haiachii, laptopu inazidi kuachia ukiwa kwenye betri, kioo kilibadilishwa, na kuna hadidiski imechomekwa pembeni. Mtu akisikia hayo manne alafu bado anakimbilia Windows, huyo hajasikiliza.

Kwanza tumalize maneno ya kampuni ya mtandao, tusiwasingizie watu. Intaneti yako inapita safari mbili, kutoka laptopu mpaka rauta, alafu kutoka rauta mpaka huko nje duniani. Yoyote kati ya hizo ikikatika wewe unaona kitu kile kile tu, ukurasa haufunguki. Kuzitenganisha ni rahisi. Fungua ile sehemu ya kutafuta ya Windows, andika cmd, litakuja dirisha jeusi. Andika ipconfig, tafuta mstari unaosema Default Gateway, hiyo namba ndo anwani ya rauta yako, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1 au 192.168.8.1. Sasa andika ping, acha nafasi, namba hiyo, acha nafasi, alafu -t, hapo laptopu inaita rauta bila kukoma na kungoja ijibu. Fungua dirisha jeusi la pili uandike ping 8.8.8.8 -t, hiyo ni mashine ya Google iko nje huko. Yaache yote mawili yakimbie pembeni wakati unafanya kazi zako.

Siku inaachia angalia haraka. Kama madirisha yote mawili yamegoma pamoja, ugomvi ni wa laptopu na rauta humo humo ndani ya nyumba. Kama la rauta linaendelea kujibu vizuri, milisekunde mbili tatu, na la 8.8.8.8 ndo limekufa, hapo sasa una haki ya kupigia kampuni simu na kupandisha sauti kidogo. Na hata wao si kila mara wana kosa, sisi bahari hatuna lakini intaneti yetu kubwa inatoka baharini, tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika siku moja huko chini ya maji na Uganda tukaumia pamoja na Kenya na Tanzania, siku kama hiyo ungeristati rauta mpaka kidole kiote sugu.

Kwako wewe naweka dau madirisha yote mawili yatagoma pamoja, sababu simu inaendelea. Basi twende kwa laptopu.

Umesema ukiwa kwenye betri ndo mbaya. Windows ina tabia ya kubana matumizi, ikiona chaja haipo inaanza kulaza vitu, na kadi ya wifi ni mojawapo ya vinavyoweza kulazwa, yaani inasinzia katikati ya kazi yako. Bonyeza kulia pale alama ya Windows, fungua Device Manager, shuka kwenye Network adapters, chagua ile yenye jina la wifi au Wireless, bonyeza mara mbili, tafuta tabu ya Power Management. Kuna kiboksi kina tiki kinachoruhusu kompyuta izime kifaa hicho ili kutunza umeme. Toa hiyo tiki. Laptopu nyingine mpya mpya hiyo tabu hazina, usishtuke ukiikosa. Kwa zile za zamani kama yako angalia pia kwenye Control Panel, Power Options, setingi za ndani kabisa, kuna sehemu ya Wireless Adapter, upande wa betri weka Maximum Performance. Betri itaisha mapema kidogo, ndiyo, lakini kazi itafika kwa mteja.

La pili, hadidiski. Angalia ule mdomo wake wa USB, kama ulimi wa ndani ni wa bluu basi hiyo ni USB 3, na watu wengi hawajui kwamba USB 3 ikiwa inafanya kazi inapiga kelele za redio kwenye masafa ya gigahezi 2.4, mle mle ambamo wifi ya kawaida inaongea. Intel wenyewe waliandika habari hiyo mwaka 2012. Hadidiski ikikaa imegusana na laptopu karibu na antena, wifi inasikia zogo tu. Fanya jaribio, chomoa hadidiski nusu saa uone. Ikitulia, umempata mwizi, na dawa yake ni waya mrefu kidogo ili hadidiski ikae mbali, au uhame kwenda masafa ya gigahezi 5 kama rauta na laptopu zako zote zinayo.

Sasa hili la kioo, hapa nataka tukae kidogo, maana mimi mwenyewe limenipata. Laptopu nyingi antena ya wifi haiko chini kwenye kibodi, iko juu, imezunguka kioo ndani ya ile fremu, na kutoka pale zinashuka nyaya mbili nyembamba kama uzi wa kushonea viatu, mara nyingi moja nyeusi moja nyeupe, zinapita kwenye bawaba mpaka kwenye kadi ya wifi. Ncha zake zina kijikofia cha rangi ya dhahabu, kidogo kuliko punje ya mchele, kinabanwa juu ya kadi kwa kidole, tiki, basi. Fundi akibadilisha kioo anapita kwenye njia ya hizo nyaya, na akiwa na haraka au giza limeingia, kijikofia kinachomoka au waya unabanwa na bawaba na hata haoni. Mimi yangu ilirudi kwa fundi ikiwa inang'aa kabisa, kioo kipya safi, alafu wifi ikawa inashika tu nikiwa chumba cha rauta, nikihamia jikoni kwaheri. Nimebadilisha draiva, yaani ile programu inayoendesha kadi ya wifi, nimefuta nimeweka Windows mara mbili, wiki tatu zimeenda. Kumbe siku nafungua kutoa vumbi naona waya mweupe unaning'inia pembeni kama mkia wa panya. Nikaubana kwa ukucha. Imepona siku hiyo hiyo, na nimekasirika mwezi mzima.

Kwa hiyo kabla hujafungua chochote pima hivi: kaa na laptopu mita moja kutoka kwa rauta, kwenye dirisha jeusi andika netsh wlan show interfaces, tafuta mstari wa Signal. Mita moja hapo bila ukuta unatakiwa uone asilimia tisini na kitu. Ukiona arobaini, hamsini, na simu pembeni yake imejaa mistari yote, hiyo ni antena. Fumba fumbua skrini taratibu huku ukiangalia, kama namba inaruka kila ukisogeza bawaba basi waya umeumia. Mpelekee fundi umwambie kwa jina, "angalia nyaya za antena kwenye kadi ya wifi", usimwambie tu "wifi mbaya", ukisema hivyo atakurudisha kwenye Windows. Na waya uliochomoka hata uweke Windows mara kumi haurudi mahali pake.

Draiva nayo iangalie, ila chukua kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu yako, andika modeli iliyoko kwenye stika ya chini, achana na zile programu zinazojidai kusasisha draiva zote kwa mkupuo, nyingi ni takataka na nyingine ni virusi kabisa.

SWALI: Fundi, mimi nina duka kwenye arcade moja, yaani jengo la maduka, hapa katikati ya Kampala, ghorofa ya tatu. Asubuhi saa mbili nikifungua intaneti inakimbia, ikifika saa tano inakufa, jioni watu wakifunga inafufuka. Mistari ya wifi imejaa muda wote kwenye laptopu na hata kwenye simu. Nikiangalia orodha naona majina ya wifi kama arobaini. Ni mimi nimelogwa? (Mzee wa Duka)

JIBU: Mzee wangu, hujalogwa, umepanga tu kwenye jengo lenye watu. Hiyo mistari inapima sauti ya rauta yako inafika kwa nguvu kiasi gani, haipimi kuna wangapi wengine wanaongea. Fikiria Old Taxi Park saa kumi na mbili jioni, kondakta wako amesimama pua kwa pua na wewe anasema Ntinda, unamsikia vizuri, lakini taksi haitoki maana mbele kuna zingine hamsini. Wifi inafanya hivyo hivyo, kila kifaa kinasikiliza kwanza, kikisikia mwingine anaongea kwenye chaneli yake, yaani njia yake ya redio, kinasubiri zamu.

Masafa ya gigahezi 2.4 chaneli zake zinapandana, zisizogusana ni tatu tu, 1, 6 na 11. Majirani arobaini wanagawana hizo tatu. Na kuna wajanja wanaweka 3 au 8 wakidhani wamepata kona yao, kumbe wanasumbua pande mbili na wao wanasumbuliwa pande mbili. Ingia kwenye setingi za rauta, chagua ile kati ya hizo tatu yenye watu wachache, kuna programu za bure za kwenye simu zinakuonyesha, na upana wa chaneli weka megahezi 20, hiyo 40 kwenye jengo kama lenu ni kujitafutia vita.

Lakini dawa yenyewe ni kuhamia masafa ya gigahezi 5, kule chaneli ni nyingi na mawimbi yake hayapiti ukuta vizuri, jambo ambalo nyumbani ni hasara ila kwako ni baraka, ya jirani haikufikii. Ukiweza yape majina mawili tofauti, 2.4 jina lake na 5 jina lake, alafu laptopu uiambie isahau ile ya 2.4, la sivyo itarudi huko yenyewe kila ikipata nafasi. Na kama una kompyuta ya risiti isiyohama kutoka kaunta, nunua tu waya wa mtandao uchomeke, waya hausubiri zamu ya jirani.

Alafu rauta uitoe nyuma ya ile shelfu ya chuma, najua iko huko, maduka yote wanaificha huko.

SWALI: Umeme ukikatika na kurudi, laptopu inasema imeunganishwa lakini hakuna intaneti. Nifanyeje? (Mwanafunzi, Gulu)

JIBU: Mdogo wangu, rauta inachukua dakika mbili tatu kuamka, laptopu inaiwahi, inaomba anwani ya mtandao, haijibiwi, inajipa ya kwake. Andika ipconfig, ukiona anwani yako inaanza na 169.254 ndo hiyo, zima wifi ya laptopu uwashe tena baada ya taa za rauta kutulia.

Kama anwani ni nzima na bado tovuti zinagoma kwa maonyo ya usalama, angalia saa na tarehe pale kona ya chini. Laptopu za zamani ambazo betri yake kubwa imekufa zinaishi kwa umeme wa ukutani tu, ukikatika na kile kibetri kidogo cha ndani kinachotunza saa nacho kimekwisha, zinaamka zikidhani ni 2012, na brauza ikiona cheti cha usalama cha tovuti kimetolewa miaka ya mbele ya saa yake inakikataa. Rekebisha tarehe sasa hivi, kesho ununue kibetri kipya, nyingi zinatumia CR2032, ila fungua uangalie kwanza, zingine chao kimeungwa na waya na ukichukua cha duara kitupu utarudi dukani tena.