Begi la mtu halipakatwi Berlin

Mleta uzi, umesema Oktoba unaondoka kwenda kusoma Ujerumani na kinachokutisha si baridi wala lugha, ni kuaibika kwenye treni na mabasi. Mimi nimekaa Berlin miaka minne, nikipanga mtaa wa Wedding, na treni ya chini ya ardhi ya U9 niliipanda asubuhi na jioni. Nakupa yaliyonikuta mwenyewe.

Wadau hapo juu wameshakuonya kuhusu kuongea na simu kwa sauti. Sawa, ila hilo utalijua siku ya kwanza tu, behewa zima litakugeukia. Kilichonisumbua mimi ni mikono.

Umekulia Dar, unajua mambo yanavyokwenda. Umebahatika siti kwenye daladala ya Mbagala, mbele yako kasimama mama, mkono mmoja kashika bomba, mwingine una mfuko wa nyanya. Humuulizi kitu. Unanyoosha mkono, unauchukua mfuko, unaupakata. Akiwa na mtoto unampakata mtoto, na mtoto mwenyewe hata hashtuki, anachezea vifungo vya shati lako mpaka mwisho wa safari. Ukijifanya huoni, konda atakuumbua: "Braza, msaidie mama mzigo basi."

Sasa mwezi wangu wa kwanza Berlin, pale stesheni ya Turmstraße akaingia mama wa makamo na mfuko wa sokoni, majani ya vitunguu yanachungulia nje. Nikanyanyuka nimpishe, akatikisa kichwa. Nikarudi kukaa, na kwa mazoea yale yale nikaushika mfuko wake nimpakatie. Akauvuta. Hakupiga kelele, alisema tu "Nein, danke", yaani hapana, asante, akasogea hatua mbili na kuubana katikati ya miguu. Kijana wa siti ya mbele akanitazama mpaka tukafika Zoologischer Garten, na ujue Wajerumani hawaoni haya kumkodolea mtu macho. Ningemweleza nini? Kijerumani changu wakati huo kilitosha kununulia mkate.

Jibu nililipata miezi kadhaa baadaye, kwenye ngazi za stesheni. Dada mmoja kafika na gari la mtoto, lifti mbovu. Jamaa mmoja kachorwa tatuu mpaka shingoni, mtu ambaye usiku ungevuka barabara umkwepe, akasimama akamuuliza kama amsaidie. Dada akakubali kwa kichwa. Jamaa akashika mbele, wakalishusha gari hadi chini, huyo akaenda zake. Kumbe msaada upo tele, ila kule mdomo unatangulia, mkono unafuata. Kwetu ni kinyume chake. Tangu siku ile nikawa nauliza kwanza, na waliokataa ni wachache sana.

Ni hivyo hivyo kwenye siti. Utamkuta mtu kakaa, na siti ya pembeni kaweka begi. Mimi nilikuwa nasimama nimenuna, nahesabu kwamba huu ni ubaguzi. Sema "Ist hier noch frei?", yaani hapa bado pako wazi? Begi litaondoka na kinyongo hakuna. Sikudanganyi, ubaguzi upo, na ipo siku treni itajaa na siti ya jirani yako ibaki tupu, utaelewa bila kuambiwa. Lakini si kila begi.

Nauli nayo ina adabu yake. Hakuna konda anayechezesha sarafu kiganjani, wala geti la kukuzuia. Unaingia tu, na hapo ndipo mgeni anaponaswa. Tiketi ya karatasi unayonunua kwenye mashine ya stesheni mara nyingi inabidi uigonge muhuri kwenye kijisanduku kabla ya kupanda. Mimi nilinunua, nikaitia mfukoni, nikajiona raia mwema. Milango ilipofunga, watu wawili waliovaa majaketi ya kawaida kama abiria wakatoa vitambulisho. Yuro 60 hapo hapo, na maelezo yangu kwamba nimelipa hayakusaidia, kwa sababu tiketi isiyo na muhuri ungeweza kuitumia tena kesho. Wewe huenda ukaepuka hili, kwani vyuo vingi hujumlisha usafiri kwenye ada ya muhula. Na ipo Deutschlandticket, iliyoanza Mei 2023 kwa yuro 49 kwa mwezi na imepanda tangu hapo, unayopandia mabasi na treni za kawaida nchi nzima. Tembea na kitambulisho chenye picha, maana tiketi hiyo ni ya jina lako.

Mlangoni wanaoshuka kwanza, hakuna kuingilia dirishani kama Kariakoo jioni. Na kwenye treni nyingi mlango haujifungui, unabonyeza kitufe. Kituo kimenipita nikiwa nimesimama mbele ya mlango kama ng'ombe anayesubiri kufunguliwa zizi.

Usidhani "uliza kwanza" ni sheria ya ughaibuni kote. Niliwahi kwenda Tokyo wiki mbili kwa mafunzo, na huko hata kuuliza kulikuwa kumezidi. Nilimpisha mzee, nikamwambia "dozo", yaani karibu, kwa heshima zote, akapunga mkono mbele ya uso. Siti ikabaki tupu vituo vitatu, mimi nimesimama pembeni yake, yeye pembeni yangu. Japani wana viti vya kupisha wazee tangu 1973, lakini kumwonyesha mtu kiti mbele ya watu ni kumtangazia kwamba kazeeka. Mwenyeji wangu akanifundisha: nyanyuka kama unayeshuka, nenda kasimame mlango mwingine, mzee atakaa mwenyewe. Halafu jirani akisinzia akakulalia begani, huko unamwacha alale.

Mwaka wa tatu nikaja likizo. Nimepanda daladala Mwenge, imejaa, nimesimama na begi la laptopu. Mama aliyekaa akashika mkanda wa begi. Nikaling'ang'ania. Akavuta, nami nikavuta. "Kaka, nakupakatia, sikuibii!" Gari zima kicheko, na konda akamalizia: "Huyo kashuka na ndege jana huyo." Nikaliachia kwa aibu. Akalipakata juu ya mfuko wake wa dagaa, na niliposhuka akanipitishia dirishani.

Nilirudi nalo Berlin linanuka dagaa bado. Kwenye U9 siti ya pembeni yangu ikakaa tupu mpaka Leopoldplatz, na siku hiyo sikumlaumu mtu.